Tulivyokwenda Mbio Bila Kufukuzwa

Nyinyi mnaokaa kwenye benchi la duka langu hapa Koboko mmeniuliza habari ya Nakuru mpaka mate yamenikauka. Nikimsimulia mmoja, anapeleka nusu. Nusu ile ikifika msikitini imeota pembe, na ikifika sokoni naambiwa mimi mwenyewe ndiye niliyepanda pikipiki. Basi nimeshika kalamu. Darasa langu lilikuwa la tatu na sikulimaliza, lakini mtu aliyeanza na pampu moja ya baiskeli, na leo ana duka Koboko na banda Arua, hawezi kushindwa na karatasi.

Mpanda pikipiki ni Rajabu, mtoto wa dada yangu mkubwa Mastura. Mimi ndiye mjomba wake na mimi ndiye niliyemfundisha, kwenye pikipiki iliyotoka Congo kwa njia ya Vurra, bila breki. Mtu akijifunza bila breki, atakwenda wapi polepole? Leo anaendeshea timu ya mashindano ya tajiri mmoja wa Nakuru, anakula kwa pikipiki, analala kwa pikipiki.

Msimu ule wote mimi na Drani, fundi wangu wa kuchomelea, tulikuwa tunamfuata. Kampala tulikuwepo. Rajabu aliongoza tangu mwanzo, halafu kwenye kona akageuza shingo kuangalia nyuma. Mara moja tu! Wawili wakampita. Eldoret hivyo hivyo: anaongoza, kona, shingo, anapitwa. Watu wa Kenya wakampa jina, wanamwita Shingo. Baada ya hapo tajiri wake akasema, na neno likatufikia: Nakuru ndiyo ya mwisho. Akiangalia nyuma tena, pikipiki inapewa mtu mwingine.

Mkisikia hivyo, mngelala?

Koboko: neno moja linaamsha mtaa

Asubuhi ya kuondoka nilisimama mlangoni kwangu nikampigia dada kelele ng'ambo ya barabara: "Mastura! Funga mizigo! Leo tunakwenda mbio!"

Nilikuwa na furaha. Mtu mwenye furaha hachagui maneno. Na nyinyi mnajua kwetu neno mbio lina kazi gani tangu mwaka wa sabini na tisa, serikali ilipopinduliwa na sisi tukakimbilia Sudan na Congo. Hatuhesabu miaka, tunahesabu mbio. Huyu alizaliwa kabla ya mbio, yule aliolewa katika mbio, mzee fulani alizikwa Sudan wakati wa mbio.

Jirani yangu Bi Zubeda alikuwa anapika chai. Akamwaga maji kwenye moto, birika likaanguka, na kabla sijafunga mdomo alikuwa amekwisha viringisha godoro. Nyumba ya pili wakafungua mbuzi. Mtu akaanza kuita watoto kwa majina.

"Khamis!" Bi Zubeda akalia. "Nani anakuja?"

"Hapana mutu anakuja, mama! Ni mbio ya pikipiki!"

"Uwii! Wanakuja na pikipiki?"

"Hapana! Sisi ndiyo tunakwenda!"

"Sasa tunapita wapi, Kaya ya Sudan ama Congo?"

Nikapita nyumba kwa nyumba kueleza. Mbuzi walirudishwa, wengine mpaka Alhamisi. Wanaume walicheka, lakini mlikuwa mnacheka na mizigo bado mkononi, msinikatalie. Bi Zubeda peke yake hakucheka. Alikaa juu ya godoro lake lililofungwa kamba, akasema: "Mimi hapana fungua. Kufunga ni kazi. Nyinyi mukirudi wazima, nitaangalia."

Dada yangu alitoka na kikapu chake na gurbaba ya manjano kichwani, ile nguo yake ya Idi. Sikutaka aje. Barabara haikuwa nzuri siku zile na yeye hajapata kuona mashindano hata moja. Kila nikimsimulia, alikuwa anaziba masikio. Nikamwambia akae, nitamletea habari.

"Habari gani?" akasema. "Nyinyi wanaume mumemfuata kila pahali, na kila pahali ameshindwa. Sasa mimi nakwenda."

Mimi ninayeamrisha Koboko nzima nikafungua mlango wa pikapu.

Arua: dawa ya shingo

Msifikiri nilikwenda mikono mitupu. Nilikuwa na dawa. Usiku na mchana nilikuwa nimefikiri juu ya shingo ya yule kijana, na nikapata jambo ambalo hata watengenezaji wa pikipiki hawakulipata: kioo! Mtu akiwa na kioo kwenye usukani haina haja ageuze shingo. Nilichagua kioo kizuri kuliko vyote bandani kwangu Arua, cha mviringo, kimetoka soko la Ariwara, nikakifunga kwa kitambaa kama mtoto mchanga.

Drani alitufanya tungoje. Kwao ni Adumi, na Adumi kulikuwa na msiba, na msiba wa Walugbara haumwachii mtu hivi hivi. Nilizunguka pikapu, nikapiga teke magurudumu, nikanywa chai ambayo sikuitaka. Jua lilikuwa juu ya vichwa alipofika, na viatu vyake vina vumbi la matanga. Nikamwonyesha kioo.

Akakitazama upande huu na upande huu. "Mzee," akasema, "mutu anaogopa kitu ya nyuma. Wewe unamupa nyuma ndogo, abebe mbele ya macho?"

"Wewe choma chuma, wacha akili kwa wenyewe."

Dada alikuwa anasikiliza. Tangu pale alikuwa na jambo kichwani. Ninamjua. Akiwa na jambo, anapasua mbegu za simsim kwa meno ya mbele, moja moja.

Pakwach mpaka Karuma: tunashukiwa

Daraja la Pakwach tulikuta magari yamejipanga yanangoja wanajeshi wa kuyasindikiza, kwa sababu msitu wa mbele ulikuwa na watu wabaya. Kungoja kunaua. Madereva walilala chini ya malori yao kama wamekuja hapo kulala. Drani alinunua samaki wa kukaushwa, akala na kichwa. Mimi nilimwachia wangu. Nilikuwa naona Nakuru, namwona Rajabu yuko kwenye kona, shingo inaanza kugeuka.

Tuliporuhusiwa, tulikwenda kama ng'ombe, mkia kwa pua, mpaka kizuizi cha Karuma. Hapo askari mmoja kijana, macho mekundu kwa usingizi, akakagua pikapu. Akakuta kitambaa. Akafungua. Kioo kikampiga jua usoni.

"Hii ni ya nini?"

"Ya pikipiki."

"Pikipiki iko wapi?"

"Nakuru."

"Nakuru ya Kenya? Kioo iko hapa, pikipiki iko Kenya?" Akakigeuza, jua likacheza juu ya miti ng'ambo ya mto. "Hii ni ya kuonyesha watu ya msituni alama! Shukeni!"

Nikashuka. Nikamweleza habari ya shingo, ya kona, ya tajiri. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyonitazama kama mwendawazimu au jasusi, anapima ni yupi. Drani akataka kusaidia, akasema, "Afande, huyu mzee ni kichwa yake tu, hapana siasa." Asante sana, Drani. Magari mengine yalianza kuondoka. Msafara ukituacha, ni kulala pale.

Dada yangu akateremka polepole. Akafungua kikapu, akatoa gurusa, ile mikate yetu ya kikaangoni, bado ina mafuta. "Mtoto yangu," akamwambia, "tangu asubuhi umekula?"

"Mama, mimi iko kazini."

"Mimi hapana uliza kazi. Nimeuliza tumbo."

Askari akatazama huku na huku, akachukua. Akala wa kwanza kwa kusimama, wa pili akakaa kwenye tairi.

"Mama yako anajua iko hapa?" dada akauliza.

"Anajua niko Kampala."

"Ukipata nafasi, peleka neno. Mama anaangalia njia." Kisha akanionyesha mimi kwa kidole. "Na huyu ni ndugu yangu. Kioo ni upumbavu yake, si ya mutu mwingine."

Askari akacheka mpaka akapaliwa. Alirudisha kioo, tukawakuta wenzetu kabla ya njia panda. Kwa hiyo anayesema mtaani kwamba nilikamatwa Karuma, amekosea. Niliulizwa tu.

Malaba: Kiswahili chetu kinapimwa

Kampala tulilala kwa rafiki, Jinja tulipita bila kushuka. Nataka mjue sikuona hata mto. Malaba ndipo tulipokwama, foleni ya malori mpaka mtu anaweza kuoa na kuzaa ndani yake.

Afisa wa upande wa Kenya, nywele zimepakwa mafuta, akaniuliza tunakwenda kufanya nini.

"Mtoto yetu iko na mbio Nakuru."

Akaweka kalamu chini. "Mzee, hicho Kiswahili mmekiokota wapi?"

"Hapana okota," nikamjibu. "Baba yangu alikipata jeshini, akiwa amebeba bunduki. Wewe umekipata wapi, darasani ukiwa umekaa?"

Drani akanivuta shati. Lakini yule afisa alicheka. Akaita wenzake waje wasikie, ikabidi niseme tena na tena, "iko," "hapana iko," kama kasuku. Nilisema. Kwa ajili ya Rajabu nilikuwa kasuku. Mmoja wao akauliza kijana wetu ni nani, na nilipotaja jina wote wakapiga kelele: "Shingo! Nyinyi ndio watu wa Shingo?"

Dada akauliza shingo ni nani. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Tukaeleza. Akafunga gurbaba yake upya, kwa nguvu, akasema, "Huyo ana jina. Ni Rajabu." Karatasi zikapigwa mhuri.

Hotelini, ng'ambo ya mpaka, niliagiza posho na nyama. Mhudumu akasema unga unauzwa dukani kule. Nikasema sitaki unga, nataka posho. Akasema ndiyo, unga. Mpaka Drani akaona sahani ya mtu mwingine, akaionyesha kwa kidole. "Ah," mhudumu akasema, "ugali!" Njaa ilikuwa karibu ituue kwa neno moja, na chakula chenyewe kiko jikoni kinatoa mvuke.

Timboroa: nyuma ya lori

Sasa hapa ndipo roho yangu ilipopanda. Kesho yake ni mashindano, na Eldoret mkanda wa feni ukakatika. Ilikuwa Jumamosi jioni, maduka yanafunga, na mwenye mkanda wa saizi ile amekwenda harusini. Sikumngoja. Nikakata mpira wa tyubu ya baiskeli, nikausuka, nikaufunga, injini ikawaka. Mafundi wa Eldoret walisimama kuangalia, mmoja akavua kofia. Hilo mliandike mahali.

Ule mpira ulitupandisha polepole, usiku kucha, mpaka Timboroa. Alfajiri, katika baridi ambayo watu wa Koboko hatukuumbiwa, ukachanika na injini ikachemka. Nilikaa chini barabarani. Ninyi hamjaniona nikikaa chini.

Lori la kabichi likapunguza mwendo. Dereva akasema atachukua wawili, nyuma, juu ya kabichi. Drani akasema: "Nyinyi wawili ni damu yake. Kwendeni. Mimi nitalinda pikapu." Akanipa kioo mkononi. "Na hii nyuma ndogo, usisahau."

Nikampandisha dada. Alisita, mguu kwenye gurudumu, kama mtu anayesoma kitu. Kisha akapanda. Tukakaa tumeelekea tulikotoka, kwa maana upepo wa mbele ulikuwa visu. Lori likaondoka. Drani alikuwa amesimama kando ya pikapu, ameinua mkono, anapungua, anapungua. Barabara ikakunja kona na miti ikamfuta.

Dada akashika kifua.

"Ni baridi?" nikamuuliza.

"Khamis. Hivi ndivyo alivyoniona."

Sikuelewa.

"Siku ya mbio," akasema. "Lori ilikuwa imejaa. Mama yetu alikuwa mgonjwa, hapana weza panda, na mimi hapana weza muacha. Nilimutupa Rajabu juu ya magunia, kwa mikono ya watu sikujua. Mimi nikabaki kwa barabara. Aliniangalia mpaka kona. Nilijua mimi nilimuona. Hapana jua yeye aliona nini." Akaonyesha barabara tupu nyuma yetu. "Aliona hii."

Nyinyi mnajua walikutana tena baada ya mwaka, kambini, upande wa Sudan. Mtoto mzima, mama mzima, tukachinja mbuzi, tukafikiri imekwisha. Mimi nilimfundisha kuendesha na sikupata kujiuliza kwa nini ni kwenye kona tu. Kwenye barabara iliyonyooka hajapata kugeuka hata siku moja.

Nilikitazama kile kioo mapajani mwangu. Ndani yake kulikuwa na kabichi na mbingu.

Nakuru: mviringo

Uwanja uko nje ya mji, vumbi na vilima, watu wamejaa kama mnada. Tulimkuta Rajabu anafunga viatu. Alipomwona mama yake alisimama na kiatu kimoja.

"Mama? Umekuja na nini?"

"Na kabichi," akasema, na kweli majani yalikuwa kwenye gurbaba.

Nilimwonyesha kioo. Lazima niseme yaliyotokea: mafundi wa timu walicheka mpaka mmoja akakaa kwenye ndoo. Vioo vinakatazwa, ati vikivunjika vinakata watu. Tajiri wake, mtu mnene mwenye kofia ya majani, akakitazama akasema, "Mzee, peleka saluni." Halafu akamgeukia Rajabu, na hakuwa anacheka: "Umesikia nilivyosema. Sikuulizi nafasi. Nauliza shingo."

Rajabu akaitikia. Mikono yake ilikuwa inavuta glavu, inavua, inavuta tena. Akasema kwa sauti ndogo: "Mjomba, si kwamba napenda. Kona ikija, shingo inakwenda yenyewe."

Dada akamshika uso kwa mikono miwili, mtu mzima kama yule, mbele za watu. "Sikia. Nyuma hapana mutu. Mimi iko mbele." Akaonyesha mahali bendera ya mwisho inapopigwa. "Mimi nitasimama pale."

Sasa mimi ni mtu wa ufundi, kosa nikiliona lazima niseme. Nikamwambia: "Dada, hii barabara ni ya mviringo. Pale ni mbele, lakini akipita tu, pale ni nyuma."

Alinitazama kwa huruma. "Basi akizunguka," akasema, "atanikuta tena mbele."

Alikwenda akasimama kwenye uzio. Msimamizi akamwondoa, akarudi. Akamwondoa tena, akarudi. Mara ya mwisho yule msimamizi alimletea kigogo cha kusimamia.

Pikipiki zikawashwa, wakaachiwa. Sitawadanganya na majina ya wote. Rajabu alitoka katikati, vumbi likamla, akaibuka wa nne. Kona ya kwanza nilifumba macho. Nilipofumbua alikuwa amekwisha pita. Sikuona, nikamuuliza mtu wa kando, "Ameangalia?" Akasema, "Nani?" Kona ya pili nililazimisha macho yangu. Shingo ilianza! Niliiona ikianza, kidogo, kama mtu aliyeitwa. Nikasikia sauti yangu ikitoka, lakini katika kelele ile hata mimi sikujua nasema nini. Shingo ikarudi. Akaweka kidevu chini, macho kwenye ile nukta ya manjano ya gurbaba, mbali pale mbele yake.

Akapita mbele ya mama yake, vumbi likamfunika. Raundi iliyofuata alikuwa wa tatu, kisha wa pili. Dada hakupiga makofi, hakupiga kelele. Alisimama tu juu ya kigogo, anageuka rangi ya udongo, gurbaba peke yake inaonekana.

Alimaliza wa pili. Ndiyo, wa pili! Waliosema amekuwa wa kwanza ni mdomo wa sokoni. Lakini sikieni: bendera ilipigwa, wenzake wakapunguza, yeye akapita. Hakuiona bendera, alikuwa anamwangalia mama yake, na mama bado amesimama. Kama mama amesimama, mashindano hayajaisha. Akazunguka raundi nzima peke yake, kwa kasi yote, uwanja mzima unacheka na kumpungia. Raundi ile hakuna aliyempita, na hilo nalisema kwa kifua.

Tajiri akavua kofia, akajipepea. "Shingo imepona," akasema. "Lakini sasa nani atamfundisha kusimama?" Nikamwambia hilo si kosa langu, mimi nilimfundisha bila breki. Pikipiki ilibaki ya Rajabu.

Alipokuwa anasukuma pikipiki kuja kwetu, mtangazaji akasema kwenye spika kubwa, kwa Kiswahili kile chao kilichonyooka: "Mabibi na mabwana, mbio zimekwisha. Rudini nyumbani salama."

Dada yangu akateremka kwenye kigogo. Akanishika mkono, akanivuta karibu.

"Khamis, umesikia? Umesikia amesema nini?"

"Nimesikia."

"Amesema mbio imeisha."

Nilitaka kumweleza. Mdomo ulifunguka kabisa. Kisha nikaufunga. Akakaa chini kwenye nyasi, akajifunika uso kwa gurbaba yenye vumbi, na Rajabu akaja akapiga magoti kando yake, kofia ya chuma bado kichwani.

Koboko tena

Kurudi sitaeleza, kurudi ni kurudi. Drani tulimkuta Timboroa ameshapata rafiki na viazi. Kioo kiko dukani, mnanyolea ndevu.

Ila hili hamkuliona, mlikuwa mmezingira pikapu mkiuliza nani ameshinda. Nilivuka barabara mpaka kwa Bi Zubeda. Godoro lilikuwa bado limefungwa kamba kando ya mlango. Watoto wake walisema alikuwa analala kwenye mkeka siku zote zile.

"Mama," nikamwambia, "mbio imeisha."

Akanitazama sana. "Nani amesema?"

"Wamesema kwa spika. Mbele ya watu wote."

"Mastura alikuwepo? Alisikia?"

"Alisikia kunishinda."

Alifikiri. Kisha akainama, akaanza kutafuta fundo la kamba.